Utepe wa Sajini Meja

Asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka jana, Sajini Meja mstaafu Népomuscène alibebesha mti wa parachichi katika ua wa nyumba yake, mtaa wa Cibitoke, Bujumbura. Alipomaliza kuufunga utepe alinawa mikono, akavaa kofia, akamwita mke wake na kumpa amri.

"Fabiola, mutu asiguse hii utepe mpaka mi nirudi. Hata we."

"Unaenda wapi?"

"Kupimisha presha. Kichwa inanizunguka."

Akatoka kwa miguu, mgongo umenyooka. Baadaye familia iliambiwa kwamba presha ilikuwa juu kiasi cha mpimaji kudhani mashine imeharibika, akaenda kuleta nyingine. Nyingine nayo ikasema vile vile. Alhamisi Sajini Meja akafa. Katika mambo yote ya wiki ile, hilo la mashine mbili ndilo pekee ambalo halikumshangaza Fabiola. Mtu yule alikuwa hawezi kuwa na kitu cha kawaida.

Sasa zilikuwa zimebaki siku nne kufika siku ya kuanua matanga, ambayo Bujumbura huitwa levée hata na wasiojua neno lingine la Kifaransa, na utepe ulikuwa bado pale pale.

Asiyejua kubebesha miti aelezwe kwa kifupi, maana marehemu angemweleza kwa saa mbili. Unachukua mche wa hovyo wenye mizizi migumu, unaukata kichwa. Unachukua kitawi cha mti mzuri, unakichonga ncha, unakichomeka kwenye kile kisiki, unafunga kwa utepe uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Unasubiri. Majani yakitoka, baada ya wiki nane hivi, unaufungua. Ukiufungua mapema, kitawi kinaanguka. Ukiuacha, mti unanenepa na utepe haunenepi, na siku moja mti unanyongwa.

Fabiola aliyajua yote hayo. Mtu hakai na mwanamume wa namna ile miaka thelathini na moja asijue. Wiki ya nane ilifika akaiona, akaiacha ipite. Sasa zilikuwa wiki arobaini na tisa. Mti ulikuwa umemfika kifuani. Juu ya utepe shina lilikuwa limevimba, chini ya utepe limevimba, katikati limebaki unene wa kidole. Majani ya juu yalikuwa yameanza kugeuka manjano. Na kila aliyeuliza, jirani, mpita njia, katekista, alipewa jibu moja: amri ni amri.

Ukweli alikuwa nao, hakupenda tu kuukaribia. Amri ilisema mpaka nirudi. Kuzika alikuwa amezika, na kulia alikuwa amelia mpaka sauti ikakatika. Nguo za marehemu alikuwa amezigawa mwenyewe, shati kwa shati. Lakini kitu hiki kimoja kilikuwa bado kinamngoja Népo arudi, na maadamu kuna kitu kinamngoja, basi Fabiola angeweza kuamka asubuhi akajidanganya kwa dakika tano kwamba mtu huyo yuko safarini. Alizipenda sana hizo dakika tano. Alikuwa tayari kugombana na mtu yeyote kwa ajili yake.

Sajini Meja alitumikia jeshi miaka ishirini na saba, akarudi na risasi moja pajani, medali mbili na ufundi wa kubebesha miti. Za risasi na medali hakumsimulia mtu. Za miti alimsimulia kila mtu, pamoja na wasiouliza. Ufundi huo aliupata wakati wa vita, katika kambi moja kwenye tambarare ya Imbo, ambako bwana shamba mmoja alikimbilia akakaa miezi miwili hana la kufanya. Wenzake walicheza karata, yeye akajifunza kisu.

Alipostaafu, jamani, mji ukakoma. Alibebesha kwa kuombwa na bila kuombwa. Hakuna mlimau wa Cibitoke uliobaki mlimau mtupu. Mwembe wa pale wanaposimama waendesha taksi-velo, zile baiskeli za abiria, ulizaa embe za aina tatu, na madereva wakawa wanagombania kivuli cha upande wa embe tamu. Mara moja alikamatwa na polisi akiwa juu ya mti wa watu. Alitoka baada ya nusu saa, na polisi yule anakula machungwa hadi leo. Kibenga, kwenye yale majumba ya kando ya ziwa, alibebesha ndimu sita kwa bwana mmoja, kiboko akatoka majini usiku akala mbili. Sajini Meja alimchukia yule kiboko binafsi. Aliwahi kurudi mara tatu kumtafuta, akiwa na fimbo tu.

Na nyumbani? Nyumbani alikuwa baba ambaye wanawake wa mtaa walimtoa kama mfano kwa waume zao, jambo lililomchosha Fabiola kuliko walivyodhani. Watoto walikuwa wawili, Valéry na Mélissa. Kila asubuhi saa kumi na mbili aliwakagua kucha, akawapigia pasi sare kwa mkono wake, akawapeleka shule kwa baiskeli, mmoja mbele mmoja nyuma. Jumapili maharage alipika yeye. Jioni alimmenyea mke wake chungwa, ganda likitoka zima bila kukatika, akamwekea sahanini, akaenda zake bila neno. Ganda likikatika, chungwa hilo alilila yeye na kumenya lingine.

Ila parachichi hakumpa. Miaka ishirini na sita Fabiola alimwomba mti mmoja tu, wa parachichi za kwao Muramvya, zile ndogo nyeusi zilizokuwa nyuma ya jiko la mama yake, ambazo ukila unajipaka na mikononi. Jibu lilikuwa moja. Mti wa mlimani hautaki joto la Bujumbura. Alibebeshea mapadri, alibebeshea wanajeshi, alibebeshea mwanamke wa pili wa muuza mkaa, na mke wake mwenyewe akaendelea kununua parachichi sokoni, na kuzibonyeza moja moja huku watu wakimwangalia: ule si mke wa yule muzee wa miti?

Kisha kaka yake Fabiola akatangaza kwamba anataka kujenga pale nyuma ya jiko la mama, na mti utakatwa. Sajini Meja alisikia. Jumatatu alfajiri alipanda basi la Muramvya bila kuaga. Jioni alirudi na vitawi viwili, vimeviringishwa katika taulo mbichi ndani ya soksi ya jeshi. Kumbe kwa miaka miwili alikuwa akilea mche unaostahimili joto, kwenye kopo nyuma ya choo, bila kumwambia mtu. Jumanne akabebesha. Kitawi kimoja kilikufa, kingine kikashika. Wiki ile ile, wakati familia nzima iko kwenye kilio, kaka akaukata mti wa mama.

Kwa hiyo kilichosimama uani kilikuwa mti wa mama yake, mmoja tu uliobaki duniani, na amri ya mume wake, vimefungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli. Asipoufungua, mti unakufa. Akiufungua, Népo harudi. Mwenye jibu la hapo alikuwa hajazaliwa.

Valéry alidhani analo. Alikuwa karani katika wizara moja, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na ile Jumanne kabla ya levée alikuja na picha kwenye simu.

"Mama, angalia. Hii muti ya Brésil. Walichelewa kufungua, miezi sita tu. Unaona vile ilivunjika?"

"Naona Brésil iko mbali."

"Mama, mi sifanyi mchezo. Muti inakufa. Nipe kisu ya papa, dakika moja tunamaliza."

"Tuko mu kilio. Mu kilio hatutie kisu ku kitu ya marehemu."

"Hiyo sheria ilitoka wapi?"

"Kwangu."

Valéry akavuta pumzi kama wanavyofanya makarani mbele ya mtu aliyekosa karatasi moja. "Sawa. Jumamosi kilio kinaisha."

"Jumamosi ni levée. Watu watakuwa wengi."

"Basi Jumapili."

"Jumapili naenda misa."

Kisha Fabiola akauliza, kama aliyekumbuka jambo dogo tu, iwapo levée haiwezi kusogezwa mpaka mwaka kesho, maana watu wa mbali watakujaje na mafuta ya gari hakuna.

"Mama, mafuta haikuwako hata wakati tulimuzika. Watu walikuja."

Fabiola alimtolea macho, akaingia ndani, akakifunga kisu cha marehemu ndani ya kitambaa na kukitia kifuani. Kililala humo mpaka Jumamosi. Nusura aoge nacho.

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi ikaacha. Hema likafungwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, makasha ya bia na Fanta yakaingia. Watu wa mbali walikuja, wengine kwa miguu, viatu wameshika mkononi. Fabiola alivaa imvutano nyeupe, shuka ya kufunga begani, ile ya siku ya kutoka kwenye kilio, na ikamkaa vizuri, jambo lililomuudhi. Kiti chake kiliwekwa mbele, katikati. Alikiinua mwenyewe akakihamishia pembeni, hatua tatu kutoka kwenye mti, akakaa.

Msemaji wa familia alikuwa Astère, rafiki wa marehemu tangu kambini. Mzinga ulimuua sikio la kushoto, kwa hiyo kila alilosema lilisikika mpaka barabara ya pili. Alisimama akatoa nafasi ya maneno, na wasemaji wakaja mmoja mmoja, chupa mkononi, kama inavyotakiwa.

Rais wa chama cha wanajeshi wastaafu alisema kwamba marehemu alikuwa askari hodari, kisha akaongea juu ya michungwa. Katekista alisema marehemu alikuwa Mkristo wa kweli, ingawa Jumapili mbili alionekana juu ya mpera wa kanisa wakati wa mahubiri. Jirani wa kulia alikiri hadharani kwamba alimkataza marehemu asiguse mti wake, na akashukuru kwamba hakusikilizwa. Mélissa, ambaye ni muuguzi Gitega, alisimama akasema, "Papa alikuwa ananimenyea machungwa," akashindwa kuendelea, akakaa. Hayo yakawa maneno bora kuliko yote, na Fabiola akaangalia juu kwenye hema muda mrefu, akitafuta palipotoboka.

Kisha Astère akapiga kifua na kuuliza swali la desturi, lile ambalo kila levée huulizwa na kila mjane hulisubiri roho mkononi.

"Kama kuko mutu marehemu alibaki na kitu yake, ao marehemu alimuachia kitu, aseme leo mbele ya watu! Kesho hatutasikiliza!"

Watu wakaangalia viatu vyao. Kinachoogopwa hapo kinajulikana: amewahi kusimama mwanamke, katika levée ya mtu mwingine mwenye heshima zake, akiwa na mtoto mwenye paji la uso la marehemu, na hema zima likajua la kufanya isipokuwa mjane.

Mstari wa tatu, mwanamke akasimama.

Alikuwa wa umri wa kati, kitenge safi, miguu na matope makavu mpaka magotini. Mbele ya kiti chake kulikuwa na kitu kilichofunikwa kwa khanga.

"Miye niko na kitu," akasema. "Naitwa Nsimire. Nilitoka Bukavu, lakini naishi Buterere. Nauzisha samaki."

Buterere. Jumamosi moja baada ya nyingine, kwa miaka mitatu, Népo alikwenda Buterere akarudi na matope ya mashamba ya mpunga mpaka magotini, amechangamka kupita kiasi. Aliwahi kumuuliza mara moja. Akajibiwa, "Kuko mutu wa kusaidia." Hakuuliza tena, kwa sababu hakutaka kusikia. Na sasa angesikia, mbele ya watu themanini na makasha kumi na mawili ya bia.

"Muzee alinifanyia kitu," Nsimire akaendelea.

Hema likameza mate. Valéry akavua miwani.

"Alinifanyia, akanifunga kamba, akasema: mama, mutu asiguse mpaka nirudi. Nikangoja, hakurudi. Nikasikia amekufa. Nikalia sana. Halafu nikangoja tena, juu hakusema 'nikikufa, ufungue'. Alisema mpaka nirudi. Sasa nikasikia leo ni levée, nikasema niende kuuliza wenyewe."

Akavuta khanga. Chini yake ilikuwa ndoo ya rangi ya nyumba, na ndani ya ndoo kulikuwa na mti.

"Kwetu maji inaingia kila mwaka," akaeleza, sasa akiongea na Fabiola peke yake. "Nilipanda michungwa mara tatu, mara tatu maji ikabeba. Muzee akasema tutapanda mu ndoo. Maji ikikuja, unapandisha ndoo ku meza. Ni mandarine, ile chungwa ndogo. Nilimwagilia kila siku, sikuacha hata siku moja. Nimeibeba ku kichwa toka Buterere. Naomba muniambie kosa yangu iko wapi."

Fabiola alipata nafuu kubwa, ikamteremka mwili mzima, na papo hapo akaona aibu kwa sababu ya hiyo nafuu. Miaka mitatu alikuwa amemshuku mtu na ndoo. Akainuka, akaenda mpaka pale, akainama. Utepe ulikuwa ule ule mweusi, mizunguko saba, fundo la kijeshi. Chini yake shina lilikuwa limechipua majani na miiba ya mlimau mwitu, kijani kibichi. Juu yake kulikuwa na kijiti cha rangi ya majivu. Alikigusa kwa kidole tu, kikavunjika, kikabaki mkononi mwake.

"Hukukosea kitu," Fabiola akasema.

"Lakini imekufa."

"Ndiyo."

"Nilifanya vile alisema."

"Ulifanya vile alisema, dada yangu. Hivyo hivyo."

"Sasa imekufa na nini?"

Fabiola alikuwa na jibu, lilikuwa limemsimamia nyuma yake uani na majani ya manjano. Hakuweza kumdanganya mwanamke aliyetembea na mti kichwani kutoka Buterere.

"Ilinyongwa na utepe," akasema. "Alipaswa kufungua mu mwezi wa tano. Mi nilijua. Sikujua kama uko, lakini nilijua."

Hapo mtu akakohoa nyuma. Alikuwa Yahaya, mlinzi wa lile jumba la Kibenga.

"Mama, samahani. Hata kwetu ziko ndimu ine. Patron alitaka kufungua, nikamukatalia. Nilimwambia mwenyewe atarudi."

"Ulimwambia lini?" Valéry akauliza.

"Juzi."

Katekista akanyanyua mkono: mpera. Jirani wa kushoto: mchungwa na mlimau. Mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemjua akasema yeye ana mwembe Buyenzi, umefungwa, na mume wake amemkataza hata kuuegemea. Mikono ikaendelea kuinuka, kwa aibu, mmoja baada ya mwingine, na Astère akaihesabu kwa sauti kama gwaride. Kumi na mmoja. Sajini Meja alikuwa amekufa karibu mwaka mzima, na kikosi chake mji mzima kilikuwa bado kimesimama mguu sawa.

Rais wa chama cha wastaafu alivua kofia, akaivaa tena. Hakuna kanuni aliyoikumbuka ya kumsaidia hapo. Astère ndiye aliyeikumbuka.

"Amri," akapiga kelele, "inaondolewa na mwenye kuitoa, ao mukubwa wake! Mwenye kuitoa hayuko! Mukubwa wake ni nani?"

Watu wote wakamgeukia Fabiola. Hivyo ndivyo jeshi lilivyotambua hadharani jambo ambalo Sajini Meja alilitambua kimya kimya tangu siku ya harusi.

Fabiola alisimama pale na kijiti kikavu mkononi. Angeweza kusema Jumapili. Angeweza kusema tutafanya réunion, kikao cha familia, Valéry angefurahi. Alimwangalia Nsimire, ambaye hakuwa akilia, alikuwa tu anaifunika ndoo yake tena, taratibu, khanga ikiwa imeshikwa vizuri pembe zote, kama mtu anayefunika mgonjwa. Moyo ukamuuma Fabiola vibaya sana. Akatia mkono kifuani, akatoa kitambaa, akakifungua, na kisu cha mume wake kikaonekana. Mélissa akaguna. Kumbe kilikuwa humo hata wakati wa misa ya asubuhi.

Akatembea mpaka kwenye mti. Watu wakasimama ili waone, viti vikaanguka viwili vitatu. Akapiga goti na imvutano yake nyeupe kwenye tope la asubuhi, akaingiza ncha ya kisu chini ya fundo.

Hakukata. Akabaki hivyo, kisu kimeingia, mkono hauendi. Astère peke yake aliuliza, akidhani ananong'ona, "Amekata?" na watu wa barabara ya pili wakasikia.

"Népo," Fabiola akasema, akiuambia utepe. "Nilikungoja. Uliona vile nilikungoja. Sikugusa." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sasa nakata."

Akakata. Mpira ulikuwa umezama kwenye gamba. Aliutoa mzunguko kwa mzunguko, saba, na kila uliotoka ulitoka na kipande cha gamba. Alipomaliza aligeuka akawatazama wale kumi na mmoja, na akatoa sauti ambayo hakujua anayo. Waliomfahamu marehemu walinyoosha migongo bila kupenda.

"Sajini Meja hatarudi," akasema. "Mufungue. Leo, mukifika tu nyumbani. Mwenye hana kisu atumie wembe, pole pole, asikate gamba. Hatarudi. Musimungoje."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake. Mélissa akaanza kulia kwa sauti, na Valéry, mtu wa kalamu mbili, akageukia ukuta.

Fabiola yeye hakupata nafasi ya kulia, maana wakati huo huo mti ulianza kuinama. Utepe ulikuwa unanyonga, lakini pia ndio uliokuwa unashikilia. Pale penye shingo nyembamba, kichwa kizima cha mti, majani, matawi na vimaua vichache, kiliegemea upande mmoja, taratibu, kama mtu anayesinzia. Fabiola akakidaka kwa mkono wa kulia. Akaushika mti pale pale penye kidonda na kuusimamisha, vidole vimeuzunguka.

"Valéry! Leta muti ya kufungia!"

Valéry akakimbia kutafuta. Katika nyumba ya mtu aliyeishi kwa vijiti na kamba, hakukuonekana kijiti wala kamba, kwa sababu marehemu alivificha ili wasivitumie ovyo.

Desturi nayo haikungoja. Baada ya maneno, wageni hupanga mstari kumsalimia mjane na kumtakia mema ya kurudi kati ya watu. Mjane alikuwa kwenye pembe ya ua, amepiga goti matopeni, ameshika mti. Basi mstari ukapindia huko huko. Watu wakainama mmoja mmoja, wakampa mkono wa kushoto, mkono wa kushoto kwa watu themanini, na yeye akawajibu kila mmoja, aksanti, muwe na amani, aksanti, bila kuachia. Rais wa chama alimpigia saluti. Yahaya aliahidi kwamba patron atafungua ndimu hata kama atalazimishwa.

Nsimire alikuja karibu wa mwisho, ndoo kichwani tayari kwa safari.

"Weka chini," Fabiola akamwambia. "Iache hapa. Chini iko hai, si umeona majani? Nitakubebeshea ingine."

"We unajua?"

"Niliangalia miaka makumi tatu na moja."

"Lakini ulishafanya?"

"Bado."

Nsimire alifikiri, akaangalia yule mama wa imvutano nyeupe iliyoharibika, akaangalia mti, kisha akaiweka ndoo chini kando ya ukuta. "Nitakuja Jumamosi," akasema. "Na nikikuta umeifunga, nitakuuliza tarehe."

Mwishowe Valéry alirudi na mguu wa kiti cha zamani na kitambaa alichopasua kutoka shati lake mwenyewe, kazi ambayo hakuna aliyeitarajia kwake. Aliukita mguu ule ardhini kando ya mti, akaupigilia kwa jiwe, akafunga chini ya kidonda, akafunga juu ya kidonda, si kwa kukaza, akiacha nafasi ya kidole kama alivyoona kwenye simu. Akatikisa. Ukakaa.

"Mama, achia. Nimefunga."

"Umefunga vizuri?"

"Nimefunga. Achia."

"Ngoja kidogo."

Wageni walikuwa wameanza kurudi kwenye bia zao. Astère alikuwa akimwambia mtu siri kwa sauti ya mzinga. Valéry alichuchumaa kando ya mama yake kwenye tope, na viatu vyake vya wizara, akangoja. Hakuna aliyemharakisha.

Fabiola akaachia kidole kimoja, kisha vingine vyote. Mti ukasimama. Mkono wake ukabaki pale pale hewani, umekunjika kama bado umeshika kitu, na ilichukua muda kabla hajajua aupeleke wapi.